Kabla Mwalimu Hajashika Fimbo

Kengele ya asubuhi ikishalia katika shule za msingi za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, kinachofuata kinajulikana na kila aliyesoma Tanzania: ufagio, mstari, wimbo wa taifa, ukaguzi wa kucha na sare, kisha zamu ya waliochelewa namba. Hao husimamishwa pembeni. Mmoja ameteka madumu mawili ya maji kabla ya kuvaa sare. Mwingine alilala bila kula. Yupo pia ambaye hakupata usingizi kabisa, kwa sababu baba na mama walikuwa wakigombana hadi usiku wa manane. Mwalimu wa zamu hayajui hayo. Anachoona ni watoto waliochelewa, na fimbo iko mkononi.

Shule ifanye nini ili dakika hiyo, mtoto akiwa na woga na mwalimu akiwa na hasira, iishe vizuri? Wengi hujibu haraka kwamba mwalimu afundishwe kuzuia hasira yake. Mkoa wa Kigoma umewahi kulijaribu jibu hilo kwa vipimo, na kilichoonekana kinafaa kujulikana na kila mzazi mwenye mtoto shuleni, kuanzia Katubuka hadi Ujiji.

Katubuka ni kata ya mjini, katika mji ambao Watanzania huuita mwisho wa reli tangu Reli ya Kati ilipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Darasa moja hapa linaweza kuwa na mtoto wa Kiha ambaye bibi yake bado humsalimia kwa "Mwakeye", mtoto wa Kimanyema ambaye ukoo wake ulivuka ziwa kutoka Kongo zama za misafara, Mbembe, Mrundi, na mtoto wa mtumishi wa serikali aliyehamishwa juzi kutoka Mbeya. Wote wanakaa dawati moja. Wengine Kiswahili wamekikuta barabarani, nyumbani wanasema Kiha. Nyuma yao kuna nyumba zinazoishi kwa dagaa, migebuka, mawese na biashara ndogondogo. Mwaka 2024 Tanzania na nchi jirani zilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Sababu ilikuwa njema. Hata hivyo, kwa mama anayeanika dagaa, miezi mitatu ni mingi, na mtoto huona kila kinachopungua nyumbani. Huja shuleni amenuna, au anapigana kwa jambo dogo, au anakaa kimya wiki nzima.

Mara nyingi amepokewa kwa kiboko. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kupima ukatili dhidi ya watoto nchi nzima. Utafiti ulifanyika mwaka 2009 na matokeo yakatolewa 2011. Karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Zaidi ya nusu walisema wamewahi kupigwa ngumi, mateke au viboko na mwalimu.

Takwimu hazilii. Agosti 2018, mjini Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu mwingine. Mkoba ulikuwa umesahaulika kwenye bodaboda, na dereva aliurudisha. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwalimu mmoja. Inauma kufikiri kwamba pale palihitajika subira tu, ya muda mfupi, na swali moja au mawili yaulizwe kwa utulivu.

Basi mwalimu afundishwe utulivu? Hapo ndipo Kigoma inapoingia. Wilayani Kasulu kuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na tangu 2015 ikapokea Warundi wengi. Shule za kambini hufundishwa na wakimbizi wenyewe. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa lililofurika watoto amekimbia vita hivyohivyo, analala katika hema au kibanda kilekile, na posho yake ni ndogo. Shirika la International Rescue Committee lilishirikiana na wataalamu wa tabia kuandaa mafunzo yaliyoitwa EmpaTeach. Kwa muda wa wiki kumi hadi kumi na mbili, walimu walikutana kwa vikundi wakiongozwa na wenzao. Walisoma hadithi, walizungumzia msongo wao, walijifunza kuitambua hasira inapoanza kupanda na kuituliza kabla haijafika mkononi, wakafundishwa pia mbinu za kuongoza darasa bila kupiga.

Mtu akisikia hayo atasema ndiyo dawa yenyewe. Watafiti wa chuo cha tiba na afya cha London walifuatilia shule 27 za kambini, za msingi na sekondari. Kura iliamua zipi zipate mafunzo na zipi zisipate. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la PLOS Medicine. Wanafunzi walipoulizwa kama walimu wanawapiga, shule zilizopata mafunzo hazikuonyesha tofauti na zile ambazo hazikupata.

Ni rahisi kusoma habari hiyo na kukata tamaa. Afadhali kuisoma kwa makini. Walimu walifundishwa kuijua mioyo yao, lakini mafunzo hayakumgusa mtoto, na mzazi hakuwa sehemu yake. Mwalimu alitoka kwenye kikao chake akiwa na maneno mapya, akarudi katika shule ileile, yenye watoto walewale wanaojua kwamba adhabu ni fimbo, na wazazi walewale wanaomwambia "mchape tu mwalimu, mimi nimekupa mamlaka". Mtu mmoja hawezi kubadilika peke yake mahali ambapo kila kitu kinamsukuma kurudi alikotoka.

Kule Uganda walianza upande mwingine. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mpango uitwao Good School Toolkit, ukajaribiwa katika shule za msingi 42 za wilaya ya Luwero, kaskazini mwa Kampala, kati ya 2012 na 2014. Nusu ya shule hizo ziliupata, nusu zikasubiri. Haukuwa mafunzo ya walimu peke yao. Kila shule ilichagua walimu wawili na wanafunzi wawili wa kuongoza kazi. Zikaundwa kamati za wanafunzi, za walimu na za wazazi. Mpango ulikwenda kwa hatua sita, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, na uliacha kila shule ichague shughuli zinazoifaa: kuandika kanuni za shule pamoja na watoto, kuweka sanduku la maoni, kuchora kuta, kuwasifu hadharani waliofanya vema, kuunda mabaraza ya wanafunzi ya kusikiliza ugomvi wa wenzao, kuzungumza darasani juu ya namna mwalimu mzuri anavyokuwa na namna mwanafunzi mzuri anavyokuwa.

Mwishoni watoto waliulizwa kama mtumishi yeyote wa shule amewapiga katika wiki iliyopita. Katika shule ambazo hazikuwa na mpango, 49 kati ya kila 100 walisema ndiyo. Katika shule zilizokuwa nao, 31. Watafiti walikadiria kwamba hatari ya mtoto kupigwa ilipungua kwa asilimia 42. Watoto walisema pia wanajisikia salama zaidi shuleni. Kwa haki ya msomaji lazima isemwe: alama za mitihani hazikupanda kwa sababu ya mpango huo, na matatizo ya afya ya akili hayakupungua. Na 31 kati ya 100 bado ni wengi mno. Lakini kitu kilisogea, na kilisogea mahali ambapo shule nzima ilishikwa, tangu mwalimu mkuu hadi mtoto wa darasa la chini na mzazi wake.

Kigoma haina sababu ya kuanzia sifuri. Mkoa huu ulikuwa katika mpango wa EQUIP-Tanzania uliofadhiliwa na Uingereza tangu 2014 hadi 2020, na mambo mawili ya mpango ule yanastahili kukumbukwa. La kwanza ni UWW, yaani Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, ambapo wazazi wa kila darasa wana wawakilishi wao wanaoweza kuingia shuleni kuzungumza na mwalimu kabla mambo hayajaharibika. La pili ni klabu za wanafunzi zilizoitwa JUU, Jiamini Uwezo Unao, ambazo zililenga zaidi kumpa mtoto, hasa msichana, ujasiri wa kusema shida yake. Tangu 2022 mpango wa Shule Bora nao umeijumuisha Kigoma miongoni mwa mikoa yake tisa.

Tena kuna klabu za Roots & Shoots. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe Julai 1960, pwani ya ziwa hilihili kaskazini mwa mji, alianzisha harakati hizo Dar es Salaam mwaka 1991 akiwa na vijana wachache. Watu huzijua kwa kupanda miti. Kazi nyingine ya klabu hizo haisemwi sana: mtoto aliyepewa mche wa kumwagilia pamoja na wenzake wanne hulazimika kupanga zamu, kugombana, kupatana, na kumsamehe aliyesahau Jumamosi. Ushirikiano hujifunzwa kwa kazi kama hiyo. Mahubiri ya mstarini hayaufikishi mbali.

Hata darasani, bila mradi wala fedha, kuna ya kufanya. Mwalimu anaweza kuanza siku kwa kuwauliza watoto wameamkaje na kusubiri jibu la kweli, lisiwe "hatujambo mwalimu" la kuimba kwa pamoja. Katika darasa la watoto zaidi ya mia, na Kigoma madarasa hayo yapo tangu elimu bila ada ilipoanza 2016, hawezi kumsikiliza kila mmoja. Anaweza kuwagawa kwa vikundi na kila kikundi kikapata siku yake. Mtoto anayeweza kusema "nina aibu", "nina kinyongo na Asha", "naogopa kurudi nyumbani" amekwisha kumpa mwalimu mahali pa kushika. Asiyeweza husema kwa ngumi, na ndiye anayeishia mbele ya mstari. Watoto wawili wanapogombania kalamu, kila mmoja aeleze bila kukatizwa, kisha arudie kwa kinywa chake alichosema mwenzake. Kwanza watacheka. Baada ya majuma machache wataanza kufanya hivyo wenyewe uwanjani.

Haja ipo. Tathmini ya ALiVE, iliyofanywa mwaka 2022 Tanzania, Kenya na Uganda kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, ilipima kujitambua, ushirikiano, heshima na utatuzi wa matatizo, na vijana wengi walionekana kuwa katika ngazi za chini. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inazitaja stadi hizi waziwazi. Kuzitaja ni hatua. Lakini mwalimu asiyesikilizwa na mwalimu mkuu wake atapata taabu kumfundisha mtoto kusikiliza.

Wapo wazazi Kigoma, wengi na wenye nia njema, watakaosema kwamba sisi tulichapwa na tukawa watu, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Wasipuuzwe, kwa sababu wanachohofia ni kweli: mtoto asiye na mipaka hupotea, na mji wa bandari una njia nyingi za kumpoteza. Shule za Luwero hazikufuta mipaka. Ziliiandika ukutani, watoto wakiwa wameshiriki kuitunga, na mvunjaji alijua kitakachofuata. Mtoto aliyeshiriki kutunga kanuni huilinda hata mwalimu asipokuwepo. Aliyechapwa hujifunza kwanza kutoonekana.

Isitoshe, sheria yenyewe haimruhusu kila mwalimu kupiga anavyotaka. Kanuni za viboko za 1979, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, tena kwa kosa kubwa tu, msichana achapwe na mwalimu wa kike ikiwa yupo, na kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Mtoto aliyechelewa kwa sababu ya madumu ya maji hahusiki na kanuni hizo hata kidogo. Fimbo ya mstarini asubuhi, inayopita kwa wote waliochelewa bila swali wala daftari, haina sheria inayoitetea.

Kwa hiyo mzazi wa Katubuka anayekwenda kwenye kikao kijacho cha UWW aende na maswali matatu. Walimu wa ushauri na unasihi wa shule hii ni akina nani, na watoto wanawajua kwa majina? Daftari la adhabu liko wapi, na mara ya mwisho liliandikwa lini? Kanuni za shule zilitungwa na nani? Ayaulize kwa heshima, kwa kuwa mwalimu naye amebeba mengi, na akae asikilize jibu hadi mwisho. Na pale mtoto anapoumizwa, nyumbani au shuleni, Simu ya Huduma kwa Mtoto ni namba 116. Kuipiga ni bure, na mtoto mwenyewe anaruhusiwa kuipiga.