Gharama ya Kufuta Ujumbe

Aliyepata kukaa katika nyumba ya pwani siku ya arusi anafahamu kwamba harufu ya udi haiondoki pamoja na moshi wake, bali hubaki katika mapazia na nguo muda mrefu baada ya makaa ya chetezo kuzimika, hata akija mtu akafukiza buhuri nyingine, pua hushindwa kupambanua ipi ni ya sasa na ipi ni ya tangu asubuhi. Taabu hiyo ya pua ndiyo taabu kubwa ya elimu iitwayo mawasiliano ya molekuli, ambayo wataalamu wake wanakusudia vyombo vidogo mno, vitakavyotiwa ndani ya mwili wa mgonjwa, vipashane habari kwa kutoa na kupokea molekuli, pasipo waya wala mawimbi ya redio. Chombo cha namna hiyo hakina akiba kubwa ya nishati, na kwa hiyo yapasa tujue nishati hiyo inakwenda wapi.

Haiendi katika safari. Joto la maji lenyewe huzisukuma molekuli huku na huko bila ya kumdai mtu chochote; Robert Brown aliutazama mwendo huo kwa hadubini mwaka 1827, na Albert Einstein akauwekea hesabu mwaka 1905. Lakini safari ya bure ina sharti zito, nalo ni kwamba masafa yakizidi mara mbili, muda huzidi mara nne: molekuli ndogo ivukayo sehemu moja ya elfu ya milimita kwa nusu ya elfu moja ya sekunde, huhitaji kadiri ya dakika 8 kuvuka milimita nzima, na miaka 16 hivi kuvuka mita moja. Ndiyo maana mwili, unapotaka kupeleka shehena katika mshipa wa fahamu utokao uti wa mgongo hata kidole cha mguu, haungojei bahati, bali huajiri hamali, yaani protini iitwayo kinesini, ambayo hutembea juu ya reli ya seli kwa hatua za nanomita 8, na kwa kila hatua hulipwa molekuli moja ya ATP, iliyo sarafu ya nishati katika viumbe vyote. Mita moja, basi, ni hatua milioni 125.

Mahali penye masafa mafupi hamali hahitajiwi, na hata hivyo gharama haiishi. Simon Laughlin na wenzake, waliochunguza macho ya nzi, walikadiria mwaka 1998 kwamba kupitisha biti moja ya habari katika sinapsi, yaani kiungo cha seli mbili za fahamu, hugharimu kiasi cha ATP 10,000. Rolf Landauer alikuwa amekwisha onyesha mwaka 1961 kiwango cha chini kabisa cha nishati ambacho maumbile hudai kwa kufuta biti moja, na gharama ile ya sinapsi inakipita kiwango hiki zaidi ya mara laki mbili. Nami naona ni jambo la kuzingatiwa sana kwamba Landauer alilikuta deni lisiloepukika katika kufuta.

Maana molekuli zilizokwisha somwa zisipoondolewa, huuchafua ujumbe ufuatao kama udi wa asubuhi. Na mhandisi akitaka kusikika kwa kutoa molekuli nyingi zaidi, huongeza gharama na mabaki kwa pamoja. Hesabu ya iktisadi inayokomea kwenye molekuli zilizotolewa, basi, ni nusu ya hesabu. Tazama pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli: asetilikolini, yaani molekuli ichukuayo ujumbe hapo, ikisha kutoa habari yake, hukutwa papo hapo na kimeng'enya ambacho kila molekuli yake huweza kuvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde moja, wala chenyewe hakiliki. Kinacholiwa ni ujumbe. Lakini hata huo hautupwi wote, kwa kuwa ncha ya mshipa hukivuta ndani tena kipande kiitwacho kolini, ikilipa nishati kidogo kwa uvutaji huo, kisha hukiunganisha upya na kukifungasha pamoja na maelfu ya wenziwe, tayari kwa ujumbe mwingine.