Begi la mpagazi wa Chogoria

Asubuhi mjini Chogoria, kando ya barabara kuu ya Embu kwenda Meru, shati na sweta jepesi vinamtosha mtu. Siku mbili au tatu baadaye, mtu yule yule yuko kambi ya Mintos kwenye Mlima Kenya, zaidi ya mita 4,200 juu ya usawa wa bahari. Akitoka hemani alfajiri, hukuta maji aliyoyaacha kwenye sufuria yameganda juu. Hata maji yaliyokusanyika katikati ya majani ya lobelia yamefunikwa na utando wa barafu.

Mtalii hujua hayo mapema, maana hupewa orodha ya vitu vya kubeba. Anayeweza kusahaulika ni mpagazi, kijana aliyepigiwa simu jioni kwamba kesho kuna kazi. Hufunga mizigo ya wageni, mahema, mitungi ya gesi na vyakula, kisha ndipo hutafuta pa kutia vitu vyake. Hapo ndipo hatari huanzia.

Kutoka mjini hadi lango la Chogoria ni takribani kilomita 30 za msitu. Kutoka langoni njia hupanda hadi Ziwa Ellis, ikafuata ukingo wa bonde ambalo Ziwa Michaelson limelala chini yake, ikafika kilele cha Lenana chenye mita 4,985. Wengi huteremkia Sirimon, upande wa Timau. Ni siku nne au tano bila duka hata moja.

Kila mtu anapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi zipatazo sita. Lakini waliozoea mlima huu huogopa unyevu kuliko baridi yenyewe. Pepo za Bahari ya Hindi hugonga kwanza upande wa mashariki na kusini, ndiyo maana misitu ya Embu na Meru hunyeshewa sana. Suruali ya jinzi ikilowa huko haikauki, na pamba iliyolowa humnyonya mtu joto usiku kucha. Sweta la sufu la mitumba, hata likiwa limechakaa, ni bora mara kumi. Na nguo ziwe seti mbili: ya kutembelea na ya kulalia. Ya kulalia isitoke begini mpaka mtu awe ndani ya hema. Asubuhi avae tena zile mbichi, hata kama zinauma mwilini. Mabaharia wanaovuka bahari kwa tanga hufanya vivyo hivyo. Seti moja haiguswi kabisa na maji ya chumvi.

Zamani nguo hizo zingefungwa kwenye mifuko ya plastiki. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki ya kutumiwa mara moja imepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya, chupa za maji zikiwemo. Kipande cha turubai kilichokunjwa vizuri ndani ya begi hufanya kazi hiyo. Gumbuti hufaa kwenye matope ya msituni, ila kwenye changarawe ya Lenana huteleza na kugandisha vidole, kwa hiyo viatu vya kupandia navyo vibebwe. Kofia ya marvin, glavu, tochi ya kichwani na soksi kavu havina uzito wa kulalamikia.

Chakula nacho kina siri yake. Karibu na Mintos maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, si 100. Mahindi na maharagwe makavu yatatokota mpaka gesi iishe bila kuiva. Anayetaka githeri aichemshe nyumbani, juu aipashe moto tu.

Funzo hili la chakula ni la zamani. Januari 1943, Felice Benuzzi na wenzake wawili, mateka wa vita Waitaliano, walitoroka kambi ya Nanyuki ili waupande mlima huu. Vyuma vya kukanyagia barafu walivitengeneza kwa vyuma chakavu, na kamba wakazipata kwenye nyavu za katani za vitanda vyao. Wawili kati yao walifika Lenana. Chakula ndicho kilichowapungukia, na walirudi kambini hoi kwa njaa.

Vifaa navyo vinaweza kuazimwa. Mjini Moshi, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, huwaazima nguo za mlimani bila malipo. Ni mfano unaostahili kuigwa Chogoria na Sirimon, kwa sababu mshahara wa siku chache hauwezi kununua mfuko wa kulalia wenye joto la kutosha.

Anayepanga kupanda msimu wa Januari au Agosti ana jambo moja la kufanya. Mizigo inapogawanywa langoni, aombe kuonyeshwa mfuko wa kulalia na koti la mvua la kila mpagazi. Akikuta hata mmoja hana, safari isubiri mpaka vipatikane.