Je, Wajua? Mkeka wa Mbao na Baridi Inayotoka Chini

Je, wajua kwamba kigae na ubao vilivyokaa chumba kimoja usiku kucha huamka na joto lile lile? Tuseme ni Nyeri, alfajiri ya Julai, na nyumba imepoa hadi nyuzi 15 za Selsiasi. Kipimajoto kitasoma 15 juu ya kigae na 15 juu ya ubao. Lakini kanyaga pekupeku uone: kigae kitakurusha hadi kwenye zulia, ubao utakuacha usimame.

Ngozi haipimi joto la sakafu. Inachohisi ni kasi ya joto lake yenyewe kuondoka. Simiti, kama kigae, hupitisha joto upesi na humeza jingi kabla haijapata moto, hivyo wayo wenye nyuzi 30 ukiigusa simiti ya nyuzi 15, pale vinapokutana joto hushuka papo hapo hadi karibu 21. Juu ya ubao mkavu, uliojaa vitundu vya hewa, hushuka hadi 26 hivi. Kwa watu wa Mombasa ubaridi huo wa simiti ni neema. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, Nanyuki unapita mita 1,900, na huku mtoto hutambaa chini mwezi wa Julai kama ilivyo Januari.

Ndiyo maana mkeka wa mbao umependwa sana katika miji inayouzunguka Mlima Kenya. Unauzwa kwa roli, umechapwa mishipa na mafundo ya mti, na fundi anaweza kuutandika sebuleni kwa siku moja bila kubomoa chochote. Ukate ukingo wake kwa kisu na uutazame kwenye mwanga: chini kuna tabaka zito la plastiki au kitambaa, katikati utando mwembamba wenye picha ya mbao, na juu kabisa ngozi angavu isiyo na rangi. Ngozi hiyo ya juu ndiyo inayoamua umri wa mkeka. Ikichakazwa na mchanga unaoletwa na viatu, picha hubaki uchi, na picha haidumu. Kwa hiyo muulize mwenye duka unene wa ngozi ya juu, pamoja na unene wa mkeka mzima.

Plastiki yenyewe ni PVC. Mwaka 1872 mkemia Mjerumani Eugen Baumann aliona gesi iliyoachwa juani ndani ya chupa ikigeuka unga mweupe mgumu. Haikupatiwa kazi ya maana hadi mwaka 1926, mkemia Waldo Semon alipokuwa Marekani akitafuta gundi ya kubandika mpira kwenye chuma, akajikuta na kitu laini kinachokunjika. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini, inayotokana na chumvi ya kawaida. Ulaini wake hutoka kwa vilainishi vinavyochanganywa ndani, na baadhi yake Umoja wa Ulaya umevibana vikali tangu 2020, hasa kwa sababu ya watoto. Mkeka mpya ukinuka sana, fungua madirisha siku kadhaa kabla ya kumlaza mtoto humo. Na jiko la makaa lisiwekwe juu yake kamwe. Kaa moja likianguka hutoboa tundu, na PVC inayoungua hutoa moshi wa asidi unaochoma mapafu.

Je, mkeka unaondoa baridi? Hapa wengi wanavunjika moyo, na fizikia inaeleza kwa nini. Kwa mguso wa kwanza PVC hujibu vizuri kuliko simiti. Lakini mkeka wa milimita moja hupitwa na joto kwa sekunde chache tu. Ukipita mbio kwenda jikoni utauona una joto, ila ukisimama kuosha vyombo, mguu utaitambua simiti iliyo chini. Wenye kitambaa kinene mgongoni hufanya vyema zaidi, na zulia zito huupita wote kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake.

Adui mkubwa kuliko baridi ni unyevu. Simiti mpya hukauka polepole mno. Kadirio linalotumiwa na wajenzi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo sakafu ya inchi nne inahitaji miezi minne ya hali nzuri, na mawingu ya Julai huku kwetu si hali nzuri. Zaidi ya hayo, maji ya ardhini hupanda kupitia vitundu vya simiti ikiwa karatasi ya nailoni haikutandazwa chini yake wakati wa ujenzi, au ilitobolewa na mawe. Sakafu iliyo wazi hupumua unyevu huo bila wewe kujua. Ukiifunika kwa plastiki, maji hukwama, gundi huachia, kingo hunyanyuka na ukungu mweusi huota mahali usipoona. Mkeka hulaumiwa kwa kosa la msingi.

Hata hivyo tusiidharau simiti, kwani hutukinga na funza. Funza waliletwa na meli kutoka Brazil hadi Angola mwaka 1872, na kabla ya karne kwisha walikuwa wamefika Afrika Mashariki. Huzaliana kwenye vumbi kavu la sakafu ya udongo, na familia za Murang'a na kwingineko zimeteseka nao kwa miaka mingi. Sakafu ngumu inayofagilika huwanyima makao. Huko Mexico, jimbo la Coahuila lilianza mwaka 2000 kuzitia simiti sakafu za udongo, na uchunguzi uliochapishwa 2009 ulikuta minyoo, kuhara na upungufu wa damu vimepungua sana kwa watoto.

Na mbao halisi? Ndiyo sakafu bora kwa baridi hii, lakini miti ya kale ya Mlima Kenya, kama kamfa na mtarakwa, tumeikata vya kutosha. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipoukagua msitu kwa ndege lilikuta maelfu ya kamfa zimeangushwa kinyume cha sheria. Mkaratusi wa shambani ni mgumu wa kutosha, ila usipokaushwa sawasawa hujipinda. Saipresi ni laini, hupata mashimo ya miguu ya viti.

Basi kabla hujalipia chochote, chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike juu ya simiti kwa tepu pande zote nne, ukiache angalau saa 16. Kikiwa na matone upande wa chini, au simiti imegeuka nyeusi, usitandike. Acha sakafu ikauke kisha urudie kipimo, na ikizidi kulowa tafuta fundi wa kuziba unyevu. Hapo ndipo pesa zako zianzie, na mkeka usubiri.