Kuungua au Kupepetwa? Kiswahili na Visahani vya Sayari Jirani na Nyota Kali

Katika mwezi wa Februari, baina ya saa mbili na saa nne usiku, Nebula ya Orioni hupita karibu na utosi wa mtu aliyeko Nduta. Nyanda za Kibondo na Kasulu ziko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na nebula hiyo iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta ya anga. Kwa macho matupu huonekana kama waa la ukungu. Ndani yake, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,350, nyota changa zimezungukwa na visahani vya gesi na vumbi ambamo sayari huumbika. Miongoni mwao imo Theta-1 Orionis C, nyota yenye uzito unaozidi mara 30 ule wa Jua. Kiswahili kitumie kitenzi gani kueleza yanayovisibu visahani vilivyo jirani nayo?

Vitenzi vitatu hujitokeza upesi. *Kuungua* hakufai, kwani hapana moto. *Kuyeyuka* ni hali ya yabisi kuwa kiowevu. *Kuvukizwa* kunakaribia, lakini huashiria kiowevu kugeuka mvuke, ilhali kisahani tangu awali ni gesi kwa sehemu kubwa.

Kinachotokea ni hiki: miale ya urujuanimno hupasha joto gesi ya kingo za nje, mahali ambapo mvutano wa nyota mama ni hafifu. Gesi hiyo hutoroka na kuchukua vumbi jepesi; punje kubwa hubaki, na sehemu ya ndani hushikiliwa kwa nguvu zaidi. Mkulima wa maharage wa Kasulu ana neno la jambo hilo: *kupepeta*. Maganda huruka, punje husalia ungoni. Hata hivyo, mfano huu una mpaka wake. Ungoni upepo hutoka nje; kisahanini gesi yenyewe, ikishapashwa joto, ndiyo inayokuwa upepo.

Uteuzi huu si pambo. Mwanafunzi aambiwaye kwamba visahani "huungua" atahitimisha kuwa hapana sayari ziwezazo kuzaliwa huko. Ushahidi wa darubini ya James Webb ni mpana zaidi. Mwaka 2024 ilielezwa kwamba kisahani kiitwacho d203-506, katika Orioni, hupoteza gesi kwa kasi inayoweza kuzuia sayari kubwa za gesi kuumbika. Lakini mwaka 2023, katika sehemu ya ndani ya kisahani XUE 1 kilichomo katika nebula NGC 6357, palionekana maji na molekuli za kaboni, ingawa nacho kimo katika mazingira ya miale mikali. Kingo hupepetwa, kiini chaweza kusalia.

Wakulima waliokiita kikundi cha nyota *Kilimia*, kutokana na kulima, walitaja anga kwa kazi ya mikono yao. Waundaji wa istilahi wanaweza kufuata njia hiyohiyo, mradi waonyeshe mfano unapokoma.