Tindikali ikila shaba, tusiseme 'mchongo'

Msomaji mmoja anayefasiri kitabu cha sanaa ameniuliza iwapo ni sawa kuziita picha za Wenceslaus Hollar 'michongo'. Jibu langu ni la, na sababu imo katika jinsi zilivyotengenezwa.

Hollar alizaliwa Prague mwaka 1607. Mnamo 1636 alifuatana na ujumbe wa Uingereza, chini ya Lodi Arundel, uliokwenda kwa Kaisari Ferdinand II. Walipopitia Prague, aliuchora mji huo akiwa kilimani Petřín. Mchoro kama huo wa safarini mimi huuita rasimu. Neno hili tumelizoea katika 'rasimu ya katiba', lakini asili yake ni Kiarabu, rasama, yaani kuchora. Na rasimu, sisi Wakenya twajua, yaweza kukaa! Ya Hollar ilikaa miaka 13, hadi alipoitolea chapa mjini Antwerp mwaka 1649.

Sasa tazama kazi yenyewe. Bamba la shaba hupakwa nta, ikatiwa weusi kwa masizi. Rasimu hunakiliwa juu yake, kisha msanii hufuata mistari kwa sindano. Sindano hiyo haichongi shaba. Inakwangua nta tu. Bamba likitiwa tindikali, ni tindikali inayokula shaba pale palipoachwa wazi. Wala hapa hatuna haja ya kukopa kitenzi: si twasema kutu imekula mabati? Mistari ya vitu vya mbali huliwa kidogo, kisha hufunikwa kwa vanishi. Ile ya vitu vya karibu huachwa iendelee kuliwa, ndiyo maana hutoka minene na myeusi. Mwishowe wino hujazwa katika mistari, uso wa bamba hupanguswa, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake.

Picha hutoka kinyume, kama muhuri wa chifu. Kwa hivyo Hollar alilazimika kuigeuza rasimu yake kwenye bamba, la sivyo ngome ya Prague ingehamia upande wa pili. (Whistler, aliyechora Venice moja kwa moja kwenye mabamba mwaka 1879 na 1880, hakujali; Venice yake ni ya kwenye kioo.)

Basi napendekeza 'chapa ya tindikali' kwa picha iliyokamilika, na 'rasimu' kwa mchoro wa safarini. Wengine watasema ni ushikiliaji wa maneno tu. Lakini mwaka 1648 majeshi ya Uswidi yaliivamia Prague, yakaiteka ngome na mtaa ulio chini yake. Mfasiri akiandika 'Mchongo wa Prague, 1649', msomaji ataamini anautazama mji uliotoka vitani juzi tu, kumbe ni mji wa 1636. Maelezo ya picha yataje hatua zote mbili. Kwa zile picha za Tangier, kaskazini mwa Afrika, alikofika Hollar ikiwa mikononi mwa Waingereza, ningeandika hivi: rasimu 1669, chapa ya tindikali 1673.