Watumiaji Wangapi, kwa Ada Gani? Kupima Programu za Hesabu za Duka

Chukua duka la vifaa vya ujenzi lenye watu watano: mwenye duka, makeshia wawili, mtunza stoo na karani wa hesabu. Ongeza mhasibu wa nje anayepita kila mwisho wa mwezi. Wote sita wanahitaji kuingia kwenye programu ya hesabu, lakini kila mmoja kwa kazi yake. Wauzaji wa programu hulitoza duka kama hili kwa njia tatu, na bei ya kwenye tangazo haikuonyeshi ipi itakuumiza.

Njia ya kwanza ni vifurushi vyenye idadi maalumu ya watumiaji. QuickBooks Online inaruhusu mtu 1 katika Simple Start, 3 katika Essentials, 5 katika Plus na 25 katika Advanced. Mhasibu wa nje ana nafasi yake pembeni, hahesabiwi. Duka letu basi linaingia Plus bila kubakiwa na nafasi: akiajiriwa keshia wa tatu, itabidi kupanda hadi Advanced kwa ajili ya mtu mmoja. Hukohuko Advanced ndiko unakoweza kutunga mwenyewe majukumu ya kila mtumiaji. Vifurushi vya chini vinakupa yaliyokwisha kupangwa, kama vile mauzo tu au manunuzi tu.

Xero nayo inauza vifurushi, ila haihesabu vichwa. Unaweza kumwingiza kila mfanyakazi, mmoja aandike rasimu za ankara, mwingine asome tu bila kugusa kitu. Inakobana ni kwenye kazi yenyewe: kifurushi cha chini kina kikomo cha ankara kwa mwezi, na duka linalouza kwa mkopo kwa mafundi wengi litakifikia mapema.

Njia ya pili ni ada kwa kila kichwa. Odoo inatoa programu moja bure kwa watumiaji wasio na kikomo. Ukitaka kuunganisha nyingine, kila mtumiaji analipiwa. Tuseme ada ni shilingi 3,000 kwa mwezi: watu watano ni 15,000, yaani 180,000 kwa mwaka. Faida ni kwamba unakua hatua kwa hatua. Hasara ni kishawishi cha kumnyima mtunza stoo akaunti ili kuokoa 36,000.

Njia ya tatu ni programu huria. ERPNext ukiiweka kwenye seva yako haina ada ya watumiaji, na katika kugawa ruhusa ni ya kina sana: kusoma, kuandika, kuthibitisha na kubatilisha ni ruhusa nne tofauti, na mtunza stoo unaweza kumfungia kwenye ghala lake peke yake. Gharama inahamia kwenye seva, nakala za akiba na fundi atakayepokea simu mfumo ukizima Jumamosi jioni. Kama fundi huyo huna, bure hiyo ni ghali.

Chaguo ghali kuliko yote halimo kwenye orodha ya bei ya muuzaji yeyote: kununua nafasi moja na kugawana nywila. QuickBooks huweka kumbukumbu ya kila ankara iliyobadilishwa na aliyeibadilisha. Wote wakiingia kwa jina la mwenye duka, kumbukumbu hiyo itamtaja yeye, hata kama mauzo yalifutwa akiwa safarini. Keshia mwaminifu naye hana pa kujitetea. Tena taarifa za wateja zinalindwa na sheria, ya mwaka 2019 Kenya na ya 2022 Tanzania.

Kabla ya kulinganisha bei, andika nani anaingiza, nani anaidhinisha na nani anatazama tu. Kisha, katika muda wa majaribio, ingia kama keshia ujaribu kufuta mauzo ya jana. Programu ikikubali na huwezi kuizuia, kifurushi hicho hakikufai.

Anayefanya kazi peke yake na mhasibu wa nje anatoshwa na kifurushi cha chini. Duka letu la watu watano lichague Xero kama ankara ni chache, Plus kama ni nyingi na halitarajii kuajiri karibuni. Mwenye matawi na fundi wa kudumu ndiye atakayefaidi ERPNext.