Kifafa, Upasuaji wa Ubongo na Lugha za Mtoto

Katika toleo hili tumeonelea tuweke kando kidogo mjadala wa ngeli na viambishi, tuzungumzie jambo ambalo mwalimu wa lugha hukutana nalo darasani na mara nyingi hulipita bila kulitambua. Wanachuo wetu wanaokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha Gurei, hapa Juba, wamekuwa wakirudi na swali la aina moja. Mtoto alikuwa akisimulia vizuri, mara akanyamaza katikati ya sentensi, macho yamekodoka, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Au neno alilolitumia wiki nzima leo halipati. Je, huyu ni mzembe, ni mgeni wa lugha, au ni mgonjwa?

Swali hili lina uzito wa pekee hapa Sudani Kusini. Mtoto wa Gurei anaweza kuwa na lugha ya nyumbani, Kibari kwa mfano, au Kimoru kama wazazi wake walikimbia vita huko Mundri. Barabarani ana Kiarabu cha Juba, darasani Kiingereza, na tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili nacho kinazidi kubisha hodi. Ni rahisi mno kusema kwamba mtoto kama huyo amechanganyikiwa kwa wingi wa lugha. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine ni kifafa.

Neno lenyewe tunalijua. Wazungumzaji wengi husikia ndani ya kifafa kile kitenzi cha kufa, na si ajabu, maana anayeanguka huonekana kama amekufa kwa dakika chache kisha akafufuka. Neno hili liliingia hata katika maandishi ya kitaalamu ya Ulaya pale daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipoandika mwaka 1965 kuhusu Wapogoro wa Mahenge, Tanzania. Miongoni mwao aliona watoto walioanza kwa kuinamisha kichwa mara kwa mara, kama mtu anayesinzia, kabla ya kuanguka. Ugonjwa huohuo wa kuinamisha kichwa ulijitokeza kwetu Ikwatoria ya Magharibi katika miaka ya 1990, na baadaye kaskazini mwa Uganda katika wilaya za Kitgum na Pader. Uchunguzi uliofanywa Maridi mwaka 2018 ulikuta kwamba katika kila watu 100, zaidi ya 4 walikuwa na kifafa, na vijiji vilivyo karibu na bwawa la Maridi ndivyo vilivyoumia zaidi. Maji yanayokwenda kasi kwenye mlango wa bwawa hilo ni mazalio ya usubi, wale inzi wadogo weusi wanaoeneza ugonjwa wa upofu wa mtoni. Jinsi hasa minyoo ya ugonjwa huo inavyoleta kifafa bado watafiti wanaijadili, lakini uhusiano wa mambo hayo mawili umeonekana mahali pengi.

Sasa tuje kwenye lugha. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo mdogo unaopita baina ya chembe zake. Kifafa ni pale chembe nyingi zinapofyatua umeme kwa pamoja bila mpango. Umeme huo ukienea ubongo mzima, mtoto huanguka na kutetemeka, na hilo kila mtu huliona. Ukibaki mahali pamoja, dalili hutegemea mahali hapo hufanya kazi gani. Ukiwa ni mahali pa lugha, mtoto anaweza kukosa maneno kwa dakika moja au mbili, akatoa sauti zisizo na maana, au akasikia unachosema bila kukielewa. Haanguki wala hatoki povu. Ndiyo maana mwalimu humwona mkaidi.

Upo ugonjwa mmoja adimu ambao kila mwalimu wa lugha angefaa kuufahamu. Ulielezwa mwaka 1957 na William Landau na Frank Kleffner huko Marekani. Mtoto anayezungumza vizuri, kwa kawaida kati ya miaka 3 na 7, huanza kupoteza lugha aliyokwisha kuipata. Kwanza haelewi anachoambiwa, hata wazazi wakadhani amekuwa kiziwi, kisha na usemi wenyewe hupungua. Masikio ni mazima. Kinachoharibika ni uwezo wa ubongo kutambua sauti za lugha, na kipimo cha umeme wa ubongo huonyesha vurugu kubwa, hasa usiku akiwa usingizini. Wengine hawaanguki kabisa. Ni kifafa kinachokula lugha kimyakimya, na tunakitaja kwa sababu kinatoa somo pana zaidi: si lazima kuwe na kidonda katika ubongo ndipo lugha ipotee. Vurugu ya umeme peke yake yatosha.

Aidha, tusisahau dawa. Fenobabitali ni rahisi, imeokoa wengi, na katika nchi kama yetu mara nyingi ndiyo inayopatikana, lakini inaweza kumfanya mtoto awe mzito wa kufikiri na kujibu. Mwalimu akiona hivyo amwambie mzazi azungumze na mganga. Asimshauri aache dawa, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta mfululizo wa kifafa usiokoma, na huo huua.

Lugha hukaa wapi? Tangu Paul Broca wa Ufaransa alipochunguza mwaka 1861 ubongo wa marehemu ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka karibu silabi moja tu, «tan», tumejua kwamba nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo yenye mzigo mkubwa. Kwa watu wanaotumia mkono wa kulia, wapatao 95 katika kila 100 wako hivyo. Kwa watumiao mkono wa kushoto ni kama 70. Lakini hiyo ni ramani ya mtu mzima. Ubongo wa mtoto bado unagawa viwanja. Upande wa kushoto ukiharibika mapema, hasa kabla ya miaka 5 au 6, upande wa kulia unaweza kuichukua lugha ukaibeba. Haibebi bure, kwa kuwa nafasi ni ileile, na watoto wengine hubaki na udhaifu katika kazi za kulia zilizosongwa, kama kuchora na kukadiria umbo na nafasi ya vitu.

Mfano unaotajwa sana ni wa mvulana ambaye maandishi ya kitaalamu yanamwita Alex. Faraneh Vargha-Khadem na wenzake wa London walimweleza mwaka 1997. Alizaliwa na ugonjwa ulioharibu nusu ya kushoto ya ubongo, akawa na kifafa kikali, na hadi miaka 8 hakuwa na usemi wa maana. Alipokuwa na miaka 8 na nusu, madaktari waliiondoa nusu hiyo. Baada ya kupunguziwa dawa na kuachishwa, akiwa na miaka 9 hivi, alianza kusema, na kufikia ujana wake alizungumza kwa sentensi kamili, kwa kiwango cha mtoto wa miaka 8 hadi 10. Walimu wa isimu watakumbuka kwamba mwaka 1967 Eric Lenneberg alidai kuwa mlango wa kujifunza lugha ya kwanza hufungwa kadiri mtoto anavyobalehe. Alex hakuuvunja mlango huo, ila alionyesha kwamba hadi miaka 9 ulikuwa bado wazi kuliko wengi walivyodhani. Kwa maoni yetu, la kuzingatia zaidi ni hili: nusu ya kulia ilikuwepo miaka yote ile. Iliyokuwa ikiizuia ni vurugu iliyotoka upande wa pili.

Ndiyo sababu madaktari hawaoni upasuaji kuwa adui wa lugha sikuzote. Kuna wakati kisu huiokoa. Hata hivyo, si dawa ya kila mtu. Wagonjwa wapatao 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa ifaayo na kuimeza kila siku. Upasuaji hufikiriwa pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zimeshindwa, na chanzo cha umeme kinaonekana kuwa mahali pamoja panapoweza kuondolewa. Kile kifafa cha Maridi kwa kawaida hakina chanzo kimoja cha namna hiyo, kwa hiyo ahueni ya watoto wale iko kwenye vidonge, kwenye dawa ya ivamektini inayogawiwa vijijini, na kwenye kusafisha mazalio ya usubi pale bwawani. Kwa wale wanaofaa kupasuliwa, njia imekwisha kuonekana katika ukanda wetu: makala iliyochapishwa mwaka 2009 na Warren Boling na wenzake ilieleza wagonjwa waliopasuliwa katika hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, kwa vifaa vya kiasi tu.

Kwa kijana aliyekwisha kukua, hesabu hubadilika. Sehemu inayokatwa mara nyingi ni ile ya ubavuni mwa kichwa, usawa wa sikio. Ikiwa ni ya kushoto, anaweza kupona kifafa lakini akawa mzito wa kukumbuka majina ya vitu na mambo aliyosikia. Anajua kinu ni nini na kinatwangiwa nini, ila neno «kinu» haliji. Ili kupunguza hasara hiyo, madaktari huchora ramani ya lugha kabla ya kukata. Juhn Wada alibuni mwaka 1949 njia ya kulaza upande mmoja wa ubongo kwa dawa kwa dakika chache, ili ionekane kama mgonjwa bado anasema. Wilder Penfield wa Montreal aliwaamsha wagonjwa kwenye meza ya upasuaji, fuvu likiwa wazi, akagusa ubongo kwa umeme mdogo huku wakitaja picha. Penye kumnyamazisha mgonjwa hapakatwi. Ubongo wenyewe hausikii maumivu.

Hapo ndipo fani yetu inapoingia. Mwaka 1978 George Ojemann na Harry Whitaker walitoa ripoti ya wagonjwa wenye lugha mbili: palikuwa na sehemu ambazo zikiguswa, lugha moja ilikwama na nyingine ikaendelea. Maana yake ni kwamba anayepimwa kwa Kiingereza tu anaweza kuamka na Kiingereza chake kizima huku lugha ya mama yake imejeruhiwa. Nani basi atampima kijana wa Gurei kwa Kibari, Kiarabu cha Juba na Kiswahili? Kipimo maarufu cha kutaja picha kilichotungwa Boston kina nyumba ya barafu na mboga za Ulaya. Mtoto wa hapa akishindwa kuzitaja, ubongo wake hauna kosa. Picha za ndoo, jembe, mbuzi na mtungi zingesema kweli zaidi. Vivyo hivyo kwa sarufi. Mwanafunzi wetu husema «kiti hii» kwa sababu Kiarabu cha Juba hakina ngeli, na daktari mgeni anaweza kulihesabu hilo kama dalili. Mwalimu anajua kwamba ni hatua ya kawaida ya kujifunza. Lakini kama mwanafunzi huyo alikuwa akisema «kiti hiki» tangu mwaka jana na leo hawezi, hiyo ni habari nyingine.

Kwa hiyo tunawaomba wanachuo wetu wawe na daftari. Andikeni tarehe, saa, mtoto alikuwa akisema nini alipokatika, kwa lugha gani, alikaa kimya kwa muda gani, na aliporudi alirudi kwa lugha ipi. Waulizeni wazazi kama nyumbani nako maneno yanapotea. Karatasi ya namna hiyo humsaidia mganga asiye na mashine yoyote.

Na mtoto akianguka darasani, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazameni saa. Zikipita dakika 5, apelekwe hospitali. Povu lake haliambukizi, ingawa hofu hiyo imewatoa shuleni watoto wengi, Maridi na kwingineko. Akirudi fahamu atakuwa mchovu na maneno yatakuja polepole, pengine ya nyumbani kwanza. Mruhusuni ajibu kwa hayo, na zoezi la Kiswahili lingoje kesho.